Juu ya Wimbo Uitwao "Baba Yetu"

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuusikia wimbo uitwao "Baba Yetu". Vijana wa kwaya huja kwa mwalimu wao na simu mkononi, wakamsikizisha, wakasema, "Mwalimu, twataka huu." Nasi walimu wa pande hizi za Tengeru tumeombwa hivyo mara nyingi, hata tukaona yafaa tuupime wimbo wenyewe kwa mizani ya haki kabla ya kuwajibu ndiyo au la. Maana huu si wimbo wa mapenzi, wala si wimbo wa kuchezea ngoma. Ni sala, tena ni ile sala ambayo mtoto huijua kabla hajajua kusoma.

Kwanza tutaje asili yake. Wengi hudhani umetungwa na Mwafrika, kwa kuwa maneno ni ya Kiswahili na mwendo wake wafanana na nyimbo za kwaya zetu. Sivyo. Mtungaji wake ni Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, aliyezaliwa mwaka 1976. Alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford alikaa chumba kimoja na kijana aitwaye Soren Johnson. Miaka ikapita, Johnson akawa mkuu wa waliobuni mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, ambao ndani yake mchezaji huanzisha taifa na kulikuza tangu zama za kale. Akamwomba rafiki yake wimbo wa kuufungulia mchezo huo, na ndivyo ulivyozaliwa "Baba Yetu" mwaka 2005, ukiimbwa na kundi la Stanford liitwalo Talisman. Mwaka 2009 Tin akautia tena katika mkusanyo wake uitwao Calling All Dawns, safari hii kwa sauti za Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Mwaka 2011 ukapewa tuzo ya Grammy, nao ndio wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo ile. Mkusanyo huo una nyimbo 12 kwa lugha 12, na mmojawapo ni wa Kipolandi. Jambo hili litawafurahisha wazee wa hapa Tengeru, ambao wazazi wao waliwaona Wapolandi wapatao 5,000 wakiletwa kambini tangu mwaka 1942 wakati wa vita, na makaburi yao yangaliko mpaka leo.

Basi wacheza michezo ya kompyuta waliujua wimbo zamani. Bali watu wengi wasiocheza michezo hiyo waliusikia mara ya kwanza mwaka 2018, pale kwaya ya mji wa Los Angeles iitwayo Angel City Chorale, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Bibi Sue Fink, ilipouimba mbele ya majaji wa America's Got Talent. Mashindano hayo ni ndugu wa Bongo Star Search ya kwetu, ila yale huchanganya kila namna ya vipaji: waimbaji, wanasarakasi, hata wafanya mazingaombwe. Kwaya ile ilitangulia kuimba "Africa", wimbo wa kundi la Toto wa mwaka 1982, ambao mtungaji wake aliuinua Kilimanjaro juu ya nyika ya Serengeti. (Sisi tukaao chini ya Meru twajua ya kuwa mtu aliye Serengeti hauoni Kilimanjaro hata akipanda mti, lakini mshairi si mpima ardhi, na tumsamehe.) Katika duru iliyofuata wakaleta "Baba Yetu". Jaji mgeni wa siku hiyo, Olivia Munn, akabonyeza kitufe cha dhahabu, ambacho hulipeleka kundi mbele moja kwa moja bila kungoja hukumu ya wengine, na vipande vya karatasi za dhahabu vikamwagika juu ya waimbaji kama ilivyo desturi ya pale. Mwishowe hawakushinda, mshindi wa mwaka ule alikuwa Shin Lim, mfanya mazingaombwe ya karata. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kutoka, na uimbaji ule ndio ambao vijana wetu hutuletea katika simu zao.

Tuseme mema kwanza, maana si haba. Sauti huufuata wimbo huu kwa urahisi. Mtoto akiusikia mara mbili atauimba ya tatu. Mmoja huanza na wengi huitikia, kama tufanyavyo sisi shambani na msibani tangu zamani, kisha sauti zapandiana ngazi kwa ngazi mpaka mtu aona nyumba ni ndogo. Nao watu wa Los Angeles waliuimba kwa moyo. Zaidi ya watu 100 walisimama pale, wazee kwa vijana, weupe kwa weusi, wakasema kwa kinywa kimoja neno la Kiswahili: "yetu". Neno hilo mtungaji amelirudia tena na tena, nasi twaona hapo ndipo alipogusa kiini. Mtu asaliye peke yake usiku, mlango umefungwa, hata yeye husema "yetu", hasemi "yangu". Wahubiri wetu wamelieleza jambo hili kwa saa nzima, na watu wakasinzia; wimbo huu walieleza kwa pumzi moja. Iwe ni kwa kusudi au ni kwa kupenda mlio wa neno tu, sikio la mtungaji limeangukia penyewe.

Lakini papo hapo penye uzuri ndipo penye kasoro.

Neno "uliye" halisimami peke yake. Ni kama mkono ulionyoshwa. Sharti ushike kitu. Ukimwambia mtoto, "Wewe uliye," kisha ukanyamaza, atakutazama akingoja: niliye nani? niliye wapi? Katika sala yenyewe neno hilo hushika upesi neno "mbinguni", na hapo maana hutimia. Katika wimbo sivyo. Sauti hufika "uliye", ikaikokota silabi ya mwisho, ikatua kana kwamba safari imekwisha, waimbaji wakavuta pumzi. Ndipo mstari mpya uanzapo kwa "mbinguni", na nyuma yake lafuata tena "yetu", na tena "yetu". Asiyejua Kiswahili hupata utamu mtupu. Ajuaye husikia mambo mawili ya ajabu: Baba asiyetajwa mahali alipo, na mbingu iliyo mali yetu. Tena hata milki hiyo haikupatana na sarufi, maana jina lenye "-ni" ya mahali huambatana na kwetu, petu au mwetu. Twasema nyumbani kwetu, shambani mwetu; hatusemi shambani yetu. Mtoto wa darasa la tatu akiandika hivyo humpigia mstari mwekundu. Kisha, kabla ya kuombwa lolote, lasikika neno "amina". Ni barua iliyotiwa sahihi kabla ya kuandikwa.

Mbele zaidi kosa lile lile larudi. "Utakalo" ni neno lingojalo tendo. Tendo lenyewe ni "lifanyike". Wimbo huyatenga, ukaliunga "utakalo" na maneno yaliyotangulia, na "lifanyike" likabaki kuanza mstari wake kama yatima. Tena mpango wa sala umegeuzwa. Katika Mathayo sura ya 6 jina hutangulia, na ufalme, na mapenzi ya Mungu, ndipo mtu aombapo chakula. Hapa chakula na msamaha vimo katika ubeti wa kwanza, na ufalme waja baadaye. Tumbo limetangulia ufalme. Mwenye njaa atamwelewa mtungaji. Mwalimu wa katekisimo atatikisa kichwa.

Yatokaje makosa haya katika kazi nzuri namna hii? Kwa masikio yetu, maneno yamepangwa kama shanga. Shanga nyekundu yaweza kuwekwa karibu na nyeupe au na nyeusi, na mkufu ukapendeza vilevile. Maneno hayako hivyo. Yana mifupa ndani yake, na mfupa ukiuvunja mahali pasipo kiungo, mwili hulemaa hata ukivikwa nguo ya hariri. Mtu aweza kujibu: mbona wimbo umewaliza watu wa nchi nyingi? Naam, umewaliza, walilia kwa ajili ya sauti. Hatusemi kwamba machozi yale ni ya uongo. Twasema kwamba wao hawakuwa na njia ya kulisikia "uliye" likianguka, nasi tunayo.

Wengine wamelaumu maneno yenyewe, wakisema si yale waliyofundishwa. Hapa twamtetea mtungaji. Maneno yake, kwa sehemu kubwa, ni yale ya tafsiri ya Habari Njema, na ni Kiswahili safi. Wasomao Union Version wamezoea kuomba "riziki", na Wakatoliki huomba "mkate". Wimbo waomba "chakula". Penye "deni" za Union Version, wimbo una "makosa". Kila moja lina hoja yake. Sisi wenyewe, tukiruhusiwa kuchagua, tungechagua "riziki", kwa kuwa neno hilo ni pana kuliko sahani. Mkulima wa hapa akisema riziki ametaja mvua, na maji ya mfereji, na afya ya ng'ombe, na bei ya ndizi siku ya soko la Tengeru. Akisema chakula ametaja sufuria tu. Na "mkate" kwa watu walao ndizi na ugali ni neno la heshima zaidi kuliko la kushibisha. Lakini hayo ni ya wafasiri, wala si ya mpiga kinanda. Tin alichukua tafsiri iliyo wazi, akafanya vema.

Jambo litutialo mashaka zaidi si la Marekani, ni la kwetu. Tumewasikia vijana wa vijiji vya hapa wakiuimba wimbo huu kwa ulimi wa Los Angeles. "Mbinguni" wameitenga "m" yake ikawa silabi peke yake, kama ile ya "mtu", na hali "mb" ya mbingu hutoka kwa pamoja. "Chakula" ina pumzi ya Kiingereza ndani ya "k" yake. "Tunavyowasamehe", neno ambalo bibi zao hulitamka bila kufikiri, wamelikatakata palepale alipolikata mgeni aliyekuwa akiogopa kujikwaa. Kijana aliyezaliwa Akheri, aliyesema Kimeru kwa mama yake na Kiswahili tangu alipoanza shule, ameuweka kando ulimi wake ili aazime wa mtu aliyejifunza maneno hayo kwa kukariri. Ukimsahihisha, hujibu, "Mwalimu, ndivyo walivyoimba wale wa kitufe cha dhahabu."

Jibu hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Wale wa Los Angeles hatuwalaumu hata kidogo. Wageni waliotaabika kujifunza lugha yetu wastahili shukrani, na matamshi yao si mabaya kwa wageni. Tena na sisi tusijifanye watakatifu. Vitabu vyetu vya zamani vya nyimbo vimejaa sauti za Kijerumani zilizovikwa maneno ya Kiswahili kwa nguvu. Sauti yaanza na pigo jepesi kisha zito, na Kiswahili hutaka zito liwe katika silabi ya pili kutoka mwisho. Basi neno la silabi mbili kama "Mungu", likiwekwa mwanzoni mwa wimbo wa namna hiyo, lapigwa mkazo mkiani, nasi tumeimba hivyo tangu siku za mababu bila kuona haya. Kwa hiyo kupinda maneno ili yafuate sauti si dhambi iliyoanzia katika mchezo wa kompyuta. Tofauti ni hii: mababu zetu walipinda kwa kuwa waliletewa sauti za watu wengine, wakazitii. Kijana wa leo apewa lugha yake mwenyewe, ikitoka ng'ambo, naye aitii kama kwamba si yake.

Wala si kwamba huku kwetu hakuna kipimo kingine. Kutoka Tengeru mpaka Makumira ni mwendo mfupi kwa njia ya Moshi. Pale Makumira, mwaka 1966, mwanafunzi wa theolojia Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya Kihaya. Mwalimu wa pale, Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyekusanya nyimbo nyingi za namna hii, akauweka katika Kiingereza. Leo wimbo ule umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani, na Wajerumani wanao katika kitabu chao kwa lugha yao. Uchunguze wimbo ule kama tulivyouchunguza huu. Maneno na sauti vilizaliwa tumbo moja. Pumzi hutua pale maana inapotua. Safari hii ni mgeni ndiye aliyepata taabu ya kutafuta maneno ya lugha yake yatakayoenea katika sauti ya Kihaya, wala hatukusikia akinung'unika. Hakuna jaji aliyebonyeza kitufe. Ulitoka kinywa kwa kinywa na kitabu kwa kitabu, polepole, kama mche wa mgomba uhamishwavyo kutoka shamba moja kwenda jingine.

Tumewauliza wanakwaya wetu wimbo ule ulitungwa wapi. Mmoja alisema Ujerumani, mwingine alisema Bukoba, na wengi walisema, "Umo kitabuni, mwalimu." Hapana aliyesema Makumira, na hali Chuo Kikuu kilicho pale sasa hufundisha muziki mpaka kutoa shahada, na waimbaji wake huonekana njiani kila siku. Lakini jina la Los Angeles, na la kitufe, wote wanalijua.

Basi tuwajibu vijana nini? Sisi tumewajibu ndiyo. Wimbo ni mzuri, na katika tamasha au siku ya wazazi hauna neno. Ibadani twauona haujawa sala bado, kwa sababu ya ile "amina" iliyokimbilia mbele na ufalme uliochelewa; kwa hiyo ukiimbwa kanisani, na uimbwe kama sifa, kisha mkutano wote waiseme sala yenyewe kwa vinywa vyao, kwa mpango wake. Kugeuza noti hatushauri. Wimbo una mwenyewe, naye yu hai, na kazi ya mtu si ya kuchongwa na kila mwalimu mwenye kisu.

Bali pumzi ni yetu. Hapana noti iliyoandikwa mahali pa kuvuta pumzi baada ya "uliye". Ni mazoea tu, na mazoea yale ni ya wasiojua kwamba neno halijakwisha. Mwalimu na awafundishe waimbaji wake waishike ile silabi ndefu, wasiiache, wavuke nayo moja kwa moja mpaka "mbinguni", kama mtu avukaye Mto Usa kwa gogo bila kusimama katikati. Wakifika "mbinguni" ndipo watue kidogo. Na zile "yetu" zifuatazo ziimbwe chini chini, kwa sauti ya mwitikio, ili sikio lizirudishe kwa Baba lisizipeleke kwa mbingu. "Amina" ile ya mapema iachiwe sauti moja tu, wengine wanyamaze. Wakifanya hivyo hawatakuwa wamebadili hata noti moja, na bibi aliyeketi kiti cha nyuma, asiyepata kuona televisheni ya Marekani, ataelewa kila neno.

Taabu iko katika urefu wa pumzi. Mtoto hawezi kuuvuka mstari wote peke yake, naye akilazimishwa atauimba mwisho wake kwa kukohoa. Hapo wagawanywe wawili wawili: mmoja avute pumzi katikati ya silabi ndefu mwenzake angali akiishika, kisha wabadilishane, na asiyetazama kwa makini hatajua ni nani aliyepumua. Tumejaribu hivi na vijana wetu. Soprano na alto waliweza katika juma moja, tena walikwisha wenyewe kuanza kuitamka "mbinguni" kama waitamkavyo nyumbani. Tena wameweza baada ya wiki mbili. Besi bado.